Mstari wa Kumi Ulioachwa Wazi

Shamba la Toste,
Tulare, California.
27 Machi 2019

Mpendwa Mama Mdogo Idalina,

Shikamoo. Naomba baraka zako kabla sijaandika neno jingine, kama nilivyokuwa nikiziomba mlangoni pako pale Serreta kisiwani nikiwa na kaptura niliyorithi kwa kaka. Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na moto, si kwenye kile kibaraza chenye upepo, maana Délio aliniambia kwa simu kwamba goti limeanza tena na kwamba hutaki kusikia habari za fimbo. Tumia fimbo, Mama Mdogo. Mwaka jana ng'ombe wangu bora alitembea na bandeji mwezi mzima na hakuna aliyemcheka.

Huku sisi wazima. Graça amepona kile kikohozi kilichomganda tangu Krismasi. Mgongo wangu ni uleule. Ukikamua ng'ombe wa watu miaka kumi na mmoja kabla hujaanza kukamua wako, mgongo haukurudii. Ukungu umeondoka, milozi imeshamwaga maua, na sasa upepo unatuletea vumbi la majirani wote. Wewe uliishi hapa miezi minne, unajua.

Ng'ombe wanaendelea vizuri. Wanaokamuliwa sasa ni mia tano na themanini, na wengine arobaini wanakaribia kuzaa. Bei ya maziwa sitaizungumzia, ni Kwaresima na nimeacha matusi.

Mwaka huu taji la Roho Mtakatifu, katika kuzunguka kwake nyumba kwa nyumba mpaka Pentekoste, litalala kwetu wiki ya tatu baada ya Pasaka. Graça ameshaanza kuhangaika na mapazia. Nimemwambia Roho Mtakatifu haangalii mapazia, akanijibu kwamba wake za kina Borba wanaangalia.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonikalisha hapa mezani. Wewe Délio unayemsomea, soma polepole, usiruke.

Ni habari ya binti yetu, Noélia. Unajua anataka kuwa daktari wa mifugo. Hilo halijabadilika tangu alipokuwa na miaka tisa, siku alipoingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani, akamgeuza ndama, na daktari tuliyemwita akafika ndama ameshasimama. Novemba aliomba nafasi kwenye chuo kile cha kaskazini chenye shule ya mifugo, ambacho hata mjinga akitaja mifugo anakitaja. Wiki mbili zilizopita jibu likaja. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana. Wamemweka kwenye orodha ya kusubiri.

Nilikwenda shuleni kumwuliza mshauri wa wanafunzi, Bi. Kasparian, maana yake ni nini. Akasema wale walioitwa wakikataa nafasi zao, ndipo wanaosubiri huchukuliwa. Nikamwuliza ni wangapi. Akasema mwaka jana, kwa kila mia waliosubiri, waliitwa tisa.

Mama Mdogo, mimi nikiambiwa ndama mia wamezaliwa na watakaopona ni tisa, naita daktari, nabadilisha maji, nahamisha banda, nafanya kitu. Hapa hakuna cha kufanya. Kuna kusubiri tu, na kusubiri ni kazi ambayo sikuwahi kujifunza.

Na kinachoniuma ni kwamba shida haikuwa alama. Alama zake ni za juu, katika shule nzima wanaompita ni watatu. Shida ilikuwa kwenye ile sehemu ya fomu inayouliza mtoto anafanya nini nje ya masomo. Kuna mistari kumi. Kila mstari wanataka kujua ulifanya shughuli gani, ulikuwa na cheo gani, saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka. Bi. Kasparian aliniambia habari ya mistari hiyo Noélia akiwa na miaka kumi na minne. Alisema, "Bwana Toste, alama zitamfikisha mlangoni tu. Pale mlangoni wamejaa wenye alama kama zake. Watakachotazama ni maisha yake nje ya darasa. Wanataka kumwona mtu."

Nikatoka pale nikidhani nimeelewa. Mistari kumi, miaka mitatu na kitu. Nikaigawa kama ninavyogawa malisho.

Nikampeleka kuogelea. Alikuwa wa mwisho, kisha akapanda akawa wa pili kutoka mwisho, na hapo akatulia. Nikampeleka kwenye chama cha midahalo, nikakaa nyuma ya ukumbi nimevaa shati la kanisani, nikamsikia akimwambia mpinzani wake, "Hapo umesema kweli kabisa." Akapewa sifuri. Njiani nikamwuliza, "Mwanangu, kwa nini umemkubalia?" Akasema, "Kwa sababu alikuwa amesema kweli, Baba."

Nikampeleka kwenye kikundi cha kutengeneza roboti. Walitengeneza kitu chenye magurudumu cha kubeba mpira. Siku ya mashindano kilikwenda kwenye kona kikabaki kinaigonga ile kona mpaka muda ukaisha. Fidla je? Graça mwenyewe, mama mzazi, ndiye aliyeniomba tuiache.

Alionyesha ndama kwenye maonyesho ya wilaya miaka mitatu, na hilo alilipenda na alilifanya vizuri, akapata na utepe. Bi. Kasparian akautazama utepe akacheka kwa upole. "Bwana Toste, kila mtoto wa bonde hili ana ndama."

Basi nikajaza, Mama Mdogo. Mwendo wa maili arobaini na sita kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki. Nikajaza mistari tisa. Na mtoto alikubali yote, hakunung'unika hata siku moja, ila kila Ijumaa jioni na kila Jumamosi asubuhi alikataa kwenda popote. Siku hizo unajua alikuwa wapi.

Alikuwa jikoni kwenye ukumbi wa sherehe ya Roho Mtakatifu.

Labda Délio hajakueleza yote kuhusu jikoni, kwa hiyo nieleze. Ti Conceição, yule mama mzee aliyekuwa akisimamia jiko, alianguka akavunjika nyonga, wiki tano kabla ya Pentekoste, mwaka juzi. Wanaume wa kamati walikutana mara mbili wakavuta sigara wakaamua waendelee kufikiri. Walipomaliza kufikiri, Noélia alikuwa ameshahesabu mikate, amepanga nani akate nyama na nani asimamie masufuria, na amempigia simu mwenye mnanaa wa kutia kwenye supu. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Siku ya sherehe zilitoka sahani elfu moja na mia nne za supu na mkate, na hakuna aliyepata supu ya baridi. Mwaka jana tena, elfu moja na mia sita. Wanawake wenye umri wa Graça humwuliza yeye chumvi itiwe lini.

Hiyo ni siku moja ya mwaka. Wiki nyingine zote anaoka ile mikate mitamu Ijumaa, na Jumamosi anaipeleka pamoja na nyama kwa wazee na wagonjwa, nyumba kumi na moja. Anawafulia mashuka. Anawakata kucha. Mzee Januário, yule aliyekukanyaga mguu kwenye dansi ulipokuwa huku, hawezi tena kushika wembe, na Noélia ndiye anayemnyoa. Nimepiga hesabu. Ni saa kumi na mbili kwa wiki, kila wiki ya mwaka. Kuogelea kote, na maji yake yote, hakufiki theluthi ya hapo.

Mstari wa kumi ulikuwa huo. Si wa kumi tu, ulistahili kuwa wa kwanza, na hiyo tisa mingine ningeweza kuitupa. Mtu wanayetaka kumwona ndiye huyo, amesimama jikoni na mwiko mrefu kuliko yeye.

Hakuuandika.

Sasa unajua kwa nini nakuandikia wewe na si mtu mwingine.

Ulikuwepo. Noélia alikuwa na miaka sita, ile homa ya uti wa mgongo, na sisi tuko hospitali Fresno tunaambiwa tumwite padri. Wewe na marehemu Mama mlibaki nyumbani kwa kina Borba, taji lilikuwa limelala huko wiki ile, mkapiga magoti mbele yake, mkaweka nadhiri. Mtoto akipona, atamtumikia Roho Mtakatifu kwa mikono yake mpaka atimize miaka kumi na minane, na kwa utumishi huo hatapokea faida yoyote, hata asante. Maneno hayo Mama aliyarudia mara nyingi kiasi kwamba hata mbwa aliyajua. Asubuhi yake homa ikashuka. Mimi siyo mtu wa kubishana na hayo. Nilimwona mtoto wangu akifungua macho.

Na watu wa huku wameiheshimu nadhiri kuliko sheria za barabarani. Hakuna anayemshukuru. Mzee Januário akishanyolewa anaugeukia mkate mezani anasema, "Asante sana, mkate. Umekuja mapema leo. Na mkono wako mwepesi, mkate." Noélia anageukia ukutani asicheke.

Mwezi Oktoba nilimkuta jikoni nyumbani anakata mkate, kompyuta iko wazi mezani, mistari tisa imejaa na mmoja mtupu. Nikamwambia, "Umesahau wa maana."

"Sijasahau, Baba."

"Basi andika. Msimamizi wa jiko, saa kumi na mbili, wiki hamsini na mbili."

"Bibi alisema nini?"

"Bibi alisema usipokee malipo. Nani anakulipa hapa? Hiki ni chuo, unawaambia ukweli tu."

"Nawaambia ili wanipe nini?"

Mimi nimenunua ardhi kwa watu wagumu, Mama Mdogo, nimebishana na benki zilizonitazama viatu kabla hazijanitazama uso, na mtoto wa miaka kumi na saba mwenye kisu cha mkate akaniacha mdomo wazi. Nikajaribu tena. Nikasema, "Utatimiza kumi na minane mwezi wa nane. Imebaki miezi michache tu!" Akasema, "Ndiyo. Laiti ningezaliwa mapema kidogo." Akaendelea kukata.

Nikaenda kwa Padri. Padri akasema Kanisa lina uwezo wa kuilegeza nadhiri, na yuko tayari kuibadilisha kwa jambo jingine, novena kwa mfano, zile sala za siku tisa, au safari ya kwenda kuhiji. Nikarudi nyumbani naimba. Jumapili baada ya misa Noélia akamwendea mwenyewe. "Padri, ulikuwepo walipoiweka?" Padri akasema hakuwepo. "Na wewe ndiye uliyeahidiwa?" Padri akasema hapana, siye. "Basi asante, Padri." Padri akaniangalia juu ya kichwa chake, akasema, "Belmiro, huyu tungempeleka Roma awasaidie."

Nikaenda kwa Gualter Borba, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati. Nikamwambia nitawanunulia jiko jipya la ukumbi, lile la macho kumi, wao watundike ubao mdogo ukutani wenye jina la Noélia na cheo chake, ili siku mtu wa chuo akipiga simu kuuliza, kuwe na kitu cha kumwonyesha. Mimi niliona ni jambo la kawaida, fomu inataka cheo, kamati inatoa cheo. Gualter alicheka mpaka akashika meza. "Cheo? Jikoni kwa Roho Mtakatifu? Toste, mimi nimemenya vitunguu pale miaka thelathini na cheo changu ni 'sogea'!" Na jioni ile ile habari ilikuwa imefika kwa wacheza karata wote. Sasa nikiingia ukumbini wananiita Mheshimiwa Ubao. Jiko nimewanunulia hata hivyo. Halina ubao.

Nikarudi kwa Bi. Kasparian, nikamweleza yote. Hakuwa akijua lolote, miaka mitatu na kitu alikuwa na mtoto huyu ofisini na hakujua. Alivua miwani. Akasema, "Bwana Toste, nimekuwa nikitafuta hadithi kama hii miaka yangu yote kazini." Akasema kama Noélia hataki kuandika, yeye mwenyewe ataiandika kwenye barua yake ya mapendekezo. Nikatoka pale nikijiona nimewashinda wote. Lakini Graça hana siri, usiku huo akamwambia binti yake. Kesho yake Noélia alikuwa mlangoni kwa Bi. Kasparian kabla ya kengele. Bi. Kasparian akanipigia simu mchana. "Bwana Toste, siwezi kuandika jambo ambalo mtoto mwenyewe amenikataza. Ameniomba kwa adabu mno."

Kwa hiyo fomu ikaenda hivyo. Kuogelea, midahalo, roboti inayogonga kona. Mtu aliyeisoma kule kaskazini hakumwona mtu. Aliona mtoto wa tajiri mdogo wa ng'ombe anayejaribu kila kitu na kukiacha.

Na Brianna Avila ameitwa. Sisemi kwa wivu. Sawa, nasema kwa wivu. Brianna alikuwa malkia wa sherehe mwaka jana, joho lake la mahameli lilikuwa na urefu wa mita nne, wasichana sita walilibeba, na aliliandika joho hilo kwenye mstari wake wa kwanza. Uongozi katika jamii, aliandika. Mama Mdogo, mtoto yule hajawahi kumenya kitunguu kimoja. Siku ya sherehe aliomba supu yake isiwe na kabichi, na aliyemtengenezea sahani isiyo na kabichi ni Noélia wangu. Nimempongeza baba yake. Nimempa mkono. Mkono wangu ulikuwa baridi lakini nilimpa.

Sasa nifike mwisho wa jambo. Walio kwenye orodha ya kusubiri wanaruhusiwa kutuma ukurasa mmoja. Mmoja tu, wa kueleza jambo ambalo fomu haikueleza. Mwisho wa kuupokea ni tarehe kumi na tano Aprili. Bi. Kasparian anasema ukurasa huo huwa haubadilishi kitu, isipokuwa pale unapobadilisha kila kitu. Ndivyo wanavyozungumza watu wa shule.

Nikamwuliza Noélia ataandika nini kwenye ukurasa huo. Akasema labda ataandika kuhusu ndama. Nikakaa. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimeishiwa. Sina mtu mwingine wa kumwendea. Niambie ni nani anayeweza kukufungua, nimwendee hata kwa magoti."

Akasema, "Waliotoa neno ni wawili. Bibi yuko makaburini. Mwingine yuko Serreta."

Ndiyo maana naandika. Nilitaka kupiga simu, lakini wewe husikii vizuri kwenye simu, na Noélia alisema jambo kama hili halipigiwi kelele mpaka jirani asikie. Barua huchukua siku tisa au kumi. Itafika kwako mapema Aprili. Jibu lako mpe Délio, atupigie. Nafasi ipo, nimeihesabu, hata ukitaka kulala nalo siku mbili tatu.

Hapa, Mama Mdogo, utaona mistari sita imekatwa kwa kalamu ya bluu. Kalamu yangu ni nyeusi. Nikueleze kilichotokea.

Nilikuwa nimeandika vizuri sana. Nilikuwa nimekuandikia sababu zote, moja baada ya nyingine. Kwamba Mama aliposema faida alikuwa anafikiria pesa na sifa, hakuwa anafikiria vyuo. Kwamba mtoto ameshatumika karibu miaka kumi na mmoja, na kilichobaki ni kidogo mno. Kwamba daktari wa mifugo atatumikia watu wengi kuliko mpika supu. Na mwisho nilikuwa nimekuandikia hata maneno ya kusema, ili usipate taabu: "Mwambie amefunguliwa." Délio angeyasoma, wewe ungeitikia kwa kichwa, kazi imekwisha. Haya nakutajia tu ujue kilichokatwa, usiyahesabu.

Noélia akaingia kuchukua bahasha, kwa sababu yeye ndiye anayepita posta. Akasimama nyuma yangu. Sikujua anasoma mpaka nilipoona mkono wake unapita juu ya bega langu na kalamu.

Nikasema, "We! Hiyo ni barua yangu!"

"Ni nadhiri yangu, Baba."

"Nimeomba tu."

"Hukuomba. Umemwekea jibu mdomoni." Akakata mistari yote sita, taratibu, kwa mstari ulionyooka kama wa fundi. Kisha akasema, "Mwulize. Lakini usimwambie ajibu nini. Ukimwambia, akisema ndiyo itakuwa ni wewe uliyesema, na mimi nitajua."

Nikamwambia sasa barua haina nguvu. Akasema barua haitakiwi kuwa na nguvu. Nikamwangalia Graça, Graça akaangalia mapazia yake.

Kwa hiyo Délio, ndugu yangu, usiinue karatasi kwenye taa kujaribu kuyasoma yaliyokatwa. Na kama umeshayasoma, nyamaza.

Nami nakuuliza, Mama Mdogo, kama nilivyoamriwa na mtoto niliyemzaa. Siku ile mlipopiga magoti mbele ya taji, wewe na Mama, mlikusudia hata kwa watu wa chuo asiutaje utumishi wake? Au mngemruhusu? Hilo tu. Sina jingine la kuongeza, na kama ningekuwa nalo lingekatwa.

Nimezoea kujua ninachotaka kabla sijafungua mdomo. Nilikuja nchi hii nikiwa na miaka kumi na tisa na ndivyo nilivyofika hapa nilipo, kwa kujua ninachotaka na kukitaka mpaka mwenzangu achoke. Leo nimekaa na kalamu na sijui hata nikuombee useme lipi. Ukisema ndiyo, atauandika ukurasa, na bado ni tisa katika mia. Ukisema hapana, ataandika kuhusu ndama, na Jumamosi atakwenda kumnyoa Mzee Januário kama kawaida, na mimi nitakaa ndani ya gari nje ya nyumba ile nikimsubiri, bila la kufanya na mikono yangu.

Wasalimie wote. Msalimie Délio na mkewe, na yule mchanga wao ambaye sijamwona. Msalimie Binamu Hortênsia, mwambie jibini yake ilifika na Graça ameificha nisiione. Msalimie Mjomba Silvino, kama bado hataki kuzungumza nami juu ya lile shamba la mlimani basi msalimie hivyo hivyo. Na ukipita makaburini kwa babu na bibi, washa mshumaa mmoja kwa jina la Mama, ingawa yeye amelala huku. Naamini mwanga unafika.

Roho Mtakatifu akufunike wewe na goti lako, akupe usingizi mzuri, na akupe neno la kweli, lolote lile litakalokuwa.

Noélia ameniomba nimwachie nafasi chini ya ukurasa, na ameniambia nisisome atakachoandika. Nimekubali. Nakunja karatasi bila kuangalia, Mama Mdogo, jambo ambalo sijawahi kulifanya na karatasi yoyote maishani mwangu.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye na kukutegemea,

Belmiro


Bibi Mdogo, shikamoo. Ni Noélia. Baba amekuandikia karatasi nyingi na bado amesahau kukuambia jambo moja, kwa sababu sijawahi kumwambia. Anadhani mimi sijali. Bibi, naitaka nafasi ile. Nimeitaka tangu siku ya yule ndama, na tangu jibu lije naamka kabla ya wakamuaji. Ndiyo maana nimekata ile mistari. Kama ningekuwa siitaki, ningemwacha akuombe. Wewe sema vile mlivyokusudia siku ile, na usitufikirie sisi hata kidogo.